Mnyama Aharibuye, Mnyama Aponyaye: Simba wa Vuga, Kambare wa Edo na Mipaka ya Tanzu za Fasihi Simulizi

Ikisiri

Makala haya yanasoma kisa cha Mbega katika Habari za Wakilindi sambamba na chapa za mbao za Kijapani zilizochota visasili vya wanyama, hasa zile za kambare zilizotolewa Edo mwaka 1855. Hoja yake ni kwamba uainishaji unaomtenga mnyama wa ngano na mnyama wa salua umeificha kazi ya kisiasa anayoifanya simba katika matini hiyo ya Usambara. Chapa za kambare, ambazo ndani yake kiumbe mmoja hupigwa kwa kubomoa mji na hushukuriwa kwa kuufanya upya, zinasaidia kuuona uwili ambao uhakiki wa maadili umezoea kuupita.

Moyo wa kima na ini la kima

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja, na miongoni mwake imo ile iitwayo Kisa cha Punda wa Dobi. Kima aketiye juu ya mkuyu ulioinamia bahari humtupia papa matunda kila siku. Papa, kwa kujidai analipa fadhila, humpakia mgongoni ampeleke kwao, na wanapofika katikati ya maji humfichulia kwamba sultani wao hawezi na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hujiokoa kwa maneno: jamii yake haitembei na mioyo, huiacha mitini, na laiti angeambiwa mapema angeuchukua wake. Miaka 17 baadaye, mwaka 1887, Hasegawa Takejirō alitoa Tokyo kitabu kidogo kilichopigwa kwa chapa za mbao, kimoja katika mfululizo wake wa ngano za Kijapani kwa wasomaji wa lugha za kigeni, simulizi la Kiingereza likiwa la Basil Hall Chamberlain. Humo mgonjwa ni mke wa Mfalme Joka wa baharini, dawa ni ini la kima, na anayetumwa kulitafuta ni yavuyavu, yule kiumbe wa maji aliye laini kama ute, ambaye zamani hizo hakuwa hivyo. Kima anadai ini ameliacha mtini. Mtumwa anarudi bila kitu, na kwa amri ya mfalme anapigwa mpaka mwili wake wote unakuwa rojorojo.

Udugu wa hadithi hizi mbili hauna fumbo. Jātaka ya 208 inaye mamba ambaye mkewe ana uchu wa moyo wa kima. Kitabu cha nne cha Panchatantra kimejengwa juu ya kisa hicho. Ibn al-Muqaffaʿ alikiingiza katika Kiarabu katika karne ya 8 kupitia Kalīla wa Dimna, humo kobe akishika nafasi ya mamba. Na Konjaku Monogatarishū, mkusanyiko wa Kijapani wa karne ya 12, unacho pia, kobe akiwa mbebaji. Kwamba toleo la Unguja limeshuka kwa njia ya Kiarabu au ya Kihindi linaonekana katika muundo wake, kwa sababu linahifadhi kisa ndani ya kisa: kima akiwa salama mtini humsimulia papa habari ya punda aliyerudi mara ya pili kwa simba aliyekwisha kumrukia, punda asiye na moyo wala masikio.

Uhakiki wa Kiswahili ulipoigusa hadithi hii aghalabu uliridhika na mambo mawili: asili yake na funzo lake. Asili ni Bara Hindi, funzo ni kutumia akili na kutowaamini marafiki wa mashaka. Yote mawili ni kweli na hayatoshi. Toleo la Hasegawa, likiwekwa kando ya lile la Steere, linaibua swali ambalo asili na funzo haviligusi: nani hulipia ugonjwa wa mtawala? Katika simulizi la Unguja sultani wa baharini haonekani kamwe. Ugonjwa wake unabaki pale pale, papa anaachwa majini, na msikilizaji hajui kilichompata aliporudi barazani. Simulizi la Kijapani linakwenda hadi barazani na kuonyesha: mtumwa ndiye aliyelipa, na malipo yake yamebaki mwilini mwa kizazi chake chote. Msomaji akiisha kuliona hilo, atarudi kwa Steere na kugundua kwamba hata kisa cha ndani kina mtawala aliyedhoofika, simba, naye pia anahitaji nyama ya mwingine ili apone, na sungura ndiye anayetumwa kuileta. Hadithi nzima ni ya watawala wagonjwa na viungo vya raia.

Lugha nazo zinasema. Kijapani husema kimo kwa maana ya ini, na neno hilo hilo hubeba maana ya ujasiri. Kiswahili kimeuweka ujasiri moyoni, lakini uchungu mkali kimeuacha katika ini, ndiyo maana mtu hukatwa maini kwa neno la kuumiza. Mtawala anayetaka moyo au ini la raia hadai dawa tu. Anadai mahali ambapo ushujaa wa yule raia unakaa.

Ukuta baina ya ngano na salua

Mwanafunzi wa sekondari milimani Usambara, awe katika shule ya wasichana ya Kifungilo karibu na mji wa Lushoto au katika shule yoyote ya Soni na Bumbuli, anapofika kwenye fasihi simulizi hufundishwa tanzu. Msingi wa mafundisho hayo, moja kwa moja au kwa kupitia vitabu vya kiada, umetokana kwa sehemu kubwa na makala ya M. M. Mulokozi katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989. Humo hadithi za kubuni, pamoja na ngano, zinatengwa na salua, yaani masimulizi yanayochukuliwa na jamii kuwa ni ya kweli: visakale, mapisi, tarihi, kumbukumbu na visasili. Ni uainishaji wenye manufaa makubwa, na haukuwekwa na mwandishi wake uwe ukuta. Matumizi ndiyo yaliyoufanya ukuta.

Kwa mujibu wa ukuta huo, kima wa Steere ni wa ngano, kwa hiyo anafasiriwa kama istiara: mnyama ni mtu, tabia yake ni tabia ya mtu, na mwishoni pana funzo. Simba aliyeuawa na Mbega ni wa salua, kwa hiyo anafasiriwa kama tukio: palikuwa na simba, Mbega akamwua, watu wakamsifu. Mnyama wa kwanza ana maana na hana historia. Wa pili ana historia na hana maana. Hasara ya mgawo huu inaonekana wazi zaidi Usambara kuliko penginepo, kwa sababu hapo ndipo ilipotungwa hadithi ndefu ya nathari ya Kiswahili ambayo mhimili wake ni cheo kilichochukua jina la mnyama. Mtawala wa Vuga aliitwa Simba Mwene. Cheo hicho hakiwezi kusomwa kama istiara tu, wala kama kumbukumbu ya windo moja tu.

Hapa ndipo chapa za Kijapani zinapoweza kumsaidia mhakiki wa Kiswahili. Hazitoi nadharia. Zinatoa mfano wa jamii nyingine ambayo mnyama wake wa kisasili alitoka katika masimulizi ya kale akaingia mtaani, akabeba habari za siku ile, bila kuacha kuwa mnyama wa kisasili.

Kambare aliyepigwa na kambare aliyeshukuriwa

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855 tetemeko kubwa liliupiga mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Maelfu ya watu walikufa, na moto uliofuata uliteketeza mitaa mizima. Ndani ya siku chache wachapishaji walianza kutoa karatasi za chapa za mbao zilizoitwa namazu-e, yaani picha za kambare, zisizo na jina la mchoraji wala muhuri wa ruhusa ya serikali. Idadi ya michoro tofauti ilipita 200 kabla ya serikali kuingilia kati na kuamuru vibao viharibiwe.

Kisasili kilichokuwa nyuma yake kilijulikana na kila mtu. Chini ya ardhi yumo kambare mkubwa, na mungu wa Kashima amemkandamiza kwa jiwe ili asijitikise. Tetemeko lile lilitokea katika mwezi wa 10 wa kalenda ya zamani, mwezi ambao miungu husemwa kuwa imekwenda Izumo kwa mkutano wao. Mlinzi hakuwapo, na Ebisu aliyeachiwa zamu hakuwa macho. Hata kabla picha haijachorwa, kisasili kilikuwa kimekwisha kusema jambo la hatari: mji umebomoka kwa sababu mwenye dhamana ya kuulinda hakuwapo mahali pake.

Baadhi ya chapa hizo zinaonyesha umati ukimpiga kambare kwa vitu vilivyoshikwa ovyo mikononi. Nyingine zinaonyesha kambare akiomba radhi. Katika nyingine tena maseremala, wapiga lipu na waezeka paa, ambao kazi iliwafurikia baada ya maafa, wanamkirimu kambare au wanajaribu kuwazuia wenye hasira wasimdhuru, na matajiri wanatapika sarafu za dhahabu ambazo maskini wanaziokota. Kambare aliyevunja nyumba ndiye anayefungua maghala. Katika lugha ya wakati huo palikuwa na neno yonaoshi, kuitengeneza dunia upya, na picha zililitia neno hilo katika mwili wa samaki mwenye masharubu. Cornelius Ouwehand, aliyezichunguza chapa hizi katika kitabu chake cha mwaka 1964, alitambua kwamba uwili huo si kigeugeu cha wachoraji waliotaka kuwauzia watu wa pande zote mbili. Umo katika kisasili chenyewe: kiumbe wa chini ya ardhi ni mharibifu na ni mleta mali.

Mazoea ya kumficha mtawala nyuma ya mnyama au jini hayakuanza mwaka 1855. Amri za mwaka 1842 ziliwakataza wachapishaji kutoa picha za waigizaji na za makahaba mashuhuri. Utagawa Kuniyoshi aliwageukia wanyama na masimulizi ya kale, na chapa yake ya mwaka 1843 juu ya Minamoto no Yorimitsu na buibui wa ardhini ilipotoka, watu wa Edo waliwaona katika kundi la mazimwi yake wale walioumizwa na amri hizo. Kuniyoshi hakuhitaji kulithibitisha wala kulikanusha. Mnyama wa kisasili humpa msanii kinga kwa sababu alikuwapo kabla ya mtawala wa leo, na hakuna awezaye kusema ametungwa kwa ajili yake.

Ni kweli kwamba kambare wa Edo na simba wa Vuga hawana nasaba, tofauti na kima wa Steere na kima wa Hasegawa. Linganisho lao ni la kazi zao, si la chimbuko. Pengine hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa udugu wa chimbuko, kama ulivyoonekana kwa kima, humshawishi mhakiki aishie kwenye njia ya safari na asahau kilichobebwa.

Nyama, simba na ngozi

Habari za Wakilindi iliandikwa na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi barazani kwa Semboja huko Mazinde na baadaye akautumikia utawala wa Wajerumani. Ilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na J. W. T. Allen akaihariri upya kwa toleo la mwaka 1962. Wanahistoria wameitumia sana. Wahakiki wa fasihi wameiachia wanahistoria, jambo ambalo ni hasara, kwa kuwa kisa chake cha kwanza ni miongoni mwa nathari zilizopangwa kwa ustadi mkubwa katika Kiswahili cha kipindi hicho.

Mbega ni mtu wa Ungulu. Ni kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na kwa hiyo kila msiba wa ukoo unahesabiwa kuwa wake na urithi ananyimwa. Anakuwa mwindaji wa nguruwe mwitu, mwenye mbwa na uganga wa porini. Mwana wa mkuu wa Kilindi, aliyefuatana naye windoni, anauawa na nguruwe, Mbega anakimbia. Anapita nchi baada ya nchi akiwaua nguruwe waharibuo mashamba, anagawa nyama, anapewa vyakula vya shambani, mpaka anafika Usambara, anaoa Bumbuli, na watu wa Vuga wanamwita awe mkubwa wao. Njiani usiku simba anakuja, na Mbega anamwua. Baadaye mkewe anapojifungua, kitanda chake kimetandikwa ngozi ya simba yule, na mtoto, Buge, anapata jina la Simba pamoja na jina lake.

Steven Feierman katika The Shambaa Kingdom ya mwaka 1974 ameonyesha kwamba kisa hiki kimejengwa juu ya ukinzani wa nyama na mazao, pori na mji, mgeni na wenyeji. Uchambuzi huo haujapitwa. Lakini Feierman alikuwa akitafuta mfumo wa fikra za Washambaa katika masimulizi mengi, na matini ya Abdallah kwake ni shahidi mmoja kati ya wengi. Mhakiki wa fasihi ana haki ya kuuliza jambo dogo zaidi: katika matini hii, wanyama wamepangwaje?

Wamepangwa kwa daraja. Kwanza ni nguruwe, adui wa mkulima, ambaye kifo chake ni neema kwa kila mtu na ambaye hata hivyo ndiye anayemwua mwana wa mkuu na kumfanya Mbega mkimbizi. Kisha ni simba, ambaye hali mahindi wala ndizi. Nguruwe huharibu shamba; simba huharibu watu na mifugo. Mwenye kumwua nguruwe anaitwa fundi na anapewa chakula. Mwenye kumwua simba haitwi mwua simba, anaitwa Simba. Msomaji anapaswa kusimama hapo, kwa sababu mantiki ya kawaida ingetaka kinyume chake. Wenyeji wa Vuga wameondolewa mnyama mla watu na papo hapo wamelichukua jina la mla watu na kumpa yule atakayewatawala.

Uhakiki wa maadili husema kwamba simba ni ishara ya ushujaa, na mjadala unafungwa. Laiti Abdallah angetaka ushujaa tu, kifo cha simba kingetosha. Ngozi chini ya mama anayejifungua inasema zaidi: utawala unazaliwa juu ya mnyama, si baada yake. Mtoto hakumwua simba yeyote. Jina amelipata kwa kugusana na ngozi. Hapo ndipo sifa ya mtu mmoja inapokuwa cheo cha ukoo.

Tsukioka Yoshitoshi alilikabili tatizo linalofanana na hili katika chapa moja ya mfululizo wake wa mizuka 36, uliotolewa kati ya mwaka 1889 na 1892. Kuzunoha ni mbweha aliyejigeuza mwanamke, akaolewa, akazaa. Siri yake imefichuka naye anaondoka. Mtoto mdogo anamvuta pindo la vazi. Mchoraji hakuonyesha mkia wala manyoya. Juu ya karatasi ya mlango wa kuteleza kimepita kivuli tu, na kivuli hicho kina kichwa cha mbweha. Mtazamaji anaona umbo la mama na umbo la mnyama kwa wakati mmoja, na hakuna ukurasa wa pili wa kumwambia lipi ni la kweli. Ngozi ya simba kitandani Vuga inafanya kazi ile ile kwa njia ya maneno. Hakuna anayegeuka simba. Hakuna muujiza. Pana mama, mtoto na ngozi, na ngozi ni kivuli cha mnyama kilichokaa chini ya ukoo mzima. Tofauti ni kwamba chapa hubaki mbele ya macho muda wote, ilhali nathari husonga mbele, na msomaji mwenye haraka hufika kwenye jina la mtoto akiwa ameshaisahau ngozi.

Kuponya nchi na kuidhuru

Katika Peasant Intellectuals ya mwaka 1990 Feierman alieleza jozi ya maneno ya Kishambaa ambayo wakulima wa Usambara waliitumia kuupima utawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Mvua na njaa zote mbili zilihesabiwa kuwa zimo katika uwezo wa mtawala yule yule. Mtawala mwenye nguvu asiye na mshindani huiona nchi kuwa ni yake na huiponya. Watawala wanaposhindana, nguvu kwa nguvu, nchi inadhurika. Lugha hiyo iliendelea kutumika hata katika mabishano ya miaka ya 1940 na 1950 kuhusu mpango wa serikali ya kikoloni wa kulazimisha matuta milimani.

Mtu aliyekwisha kuziona chapa za kambare hatashangazwa na jozi hiyo. Nguvu ya kuponya na nguvu ya kudhuru ni moja, na kinachotofautiana ni kama imekandamizwa mahali pake au imeachiliwa. Jiwe la Kashima na makubaliano ya watu wa Vuga na mwindaji mgeni vinafanana kwa hilo: kila kimoja ni njia ya kumweka mnyama mahali ambapo nguvu zake zitafaa. Jina la Simba Mwene, likisomwa hivyo, lina sifa na onyo ndani yake. Waliolitoa walijua simba ni nani.

Abdallah mwenyewe anaupa usomaji huu ushahidi wake, si katika kisa cha Mbega bali katika sehemu za mwisho za kitabu, ambazo mara nyingi husomwa kama tarihi isiyohusiana na mwanzo. Baada ya kifo cha Kimweri mkubwa katika miaka ya 1860, Wakilindi wanapigana wao kwa wao, raia wanakamatwa na kuuzwa pwani, na Wabondei wanainuka na kuwafukuza watawala wao. Ukoo ulioingia nchini kwa kugawa nyama unaishia kuwafanya watu kuwa windo. Mwandishi hasemi kwamba simba amerudi. Hakuwa na haja ya kusema. Alikuwa ameitandika ngozi kurasa nyingi nyuma. Kisa cha mwanzo, ambacho mwanahistoria anaweza kukiona kama utangulizi wa kimiujiza kabla ya historia yenyewe, kinakuwa ufunguo wa yote yafuatayo. Wabondei wanaowafukuza Wakilindi wanasimama mahali pale pale uliposimama umati wa Edo unaompiga kambare.

Pana pingamizi moja la haki. Chapa za kambare zilitolewa kwa siri na watu wa mtaani, siku chache baada ya maafa. Habari za Wakilindi ni kazi ya mtu wa barazani, iliyoandikwa baada ya watawala wenyewe kupokonywa madaraka na wageni. Je, mtu kama huyo angeweza kumkosoa simba? Jibu linahitaji kuangalia jinsi kazi zote mbili zilivyotengenezwa. Chapa ya mbao haikuwa na mwandishi mmoja. Mchoraji alichora juu ya karatasi nyembamba; mchongaji akaigundisha kifudifudi juu ya kibao cha mcheri na kuchonga, na kwa kuchonga akaiangamiza; mchapaji akatia rangi na kusugua karatasi juu ya kibao; mchapishaji akagharimia na kuamua nini kitoke. Mchoro wa kwanza haukubaki. Kilichobaki ni alama yake iliyopitia mikono ya watu wengine.

Kisa cha Mbega nacho kilikuwa cha wasimuliaji wa Usambara, wenyeji na Wakilindi, kabla ya kumfikia Abdallah, naye akakihamisha kutoka Kishambaa hadi Kiswahili na kutoka kinywani hadi karatasini. Simulizi la kwanza halikubaki. Kwa hiyo uwili wa simba hauna sababu ya kuwa ni ujanja wa Abdallah dhidi ya mabwana zake. Waliosimulia kwa kumtukuza mwene na waliosimulia kwa kumwogopa walitumia mnyama mmoja, na mwandishi aliyekuwa mwaminifu kwa masimulizi aliwapokea wote wawili. Hata kama alikusudia kusifu tu, jina lenyewe lilikuwa limeshachongwa.

Na mkono wa mwisho haukuwa Vuga. Kitabu cha watawala wa milimani kilipigwa chapa kwa mara ya kwanza Magila, chini ya safu za Usambara, katika nchi ya Bonde, yaani nchi ya wale waliokuwa wamewafukuza.